Majaliwa ya Mungu katika mwambao wa Kigoma

Majaliwa ya Mungu ni imani kwamba Mungu anauongoza ulimwengu na maisha ya kila mtu kwa hekima, hata pale ambapo binadamu haelewi sababu ya mambo yanayompata. Wakristo wanaotumia Kiswahili huiita pia *maongozi ya Mungu*, na Waislamu huiita *kadari* au *kudra*. Imani hiyo haidai kwamba mwamini anajua kwa nini jambo fulani limetokea. Inadai kwamba Mungu anajua, na kwamba anastahili kutumainiwa.

Makala hii inaeleza imani hiyo kwa kufuata historia na maisha ya Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, magharibi mwa Tanzania, pamoja na maeneo yanayohusiana nayo. Huko Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi wameishi pamoja tangu karne ya 19, na wamepitia biashara ya watumwa, magonjwa, hatari za ziwani na ujio wa wakimbizi. Kwa sababu hiyo swali la kwa nini Mungu anaruhusu mateso limeulizwa huko mara nyingi, na majibu yametofautiana. Baadhi ya watu walipata katika imani hiyo nguvu ya kuendelea na kazi. Wengine waliitumia kuficha kosa au uzembe.

## Maneno yanayotumika

Neno *majaliwa* linatokana na kitenzi *kujalia*, yaani kutoa neema au kuwezesha. Watu wanaoagana husema "tukijaliwa" au "Mungu akijalia", wakimaanisha kwamba kesho haimo mikononi mwao. Waislamu husema pia "inshallah", na Wakristo wengi wa Kigoma hulitumia neno hilo bila kuona tofauti.

Msibani husikika usemi "kazi ya Mungu haina makosa". Methali nyingine huonyesha pande mbili za imani hiyo. "Jitihada haiondoi kudura" inakumbusha kwamba bidii ya binadamu ina mpaka. "Jisaidie, Mungu akusaidie" inakataza mtu kukaa bure akisubiri. Methali hizo mbili hazipingani, kwa kuwa kila moja husemwa kwa mtu wa hali tofauti: ya kwanza kwa aliyejitahidi akashindwa, ya pili kwa ambaye hajaanza kujitahidi.

Waha, ambao ndio kabila kubwa la mkoa wa Kigoma, humwita Mungu *Imana*, sawa na majirani wao wa Burundi. Katika lugha za eneo hilo majina mengi ya watu ni tamko la imani. *Habimana* maana yake ni "Mungu yupo", na *Hakizimana* ni "Mungu ndiye anayeokoa". *Bizimana* ni "Mungu ndiye anayeyajua", yaani mambo hayo anayajua yeye. Jina kama hilo linaweka ndani ya neno moja mafundisho ambayo wanateolojia wameyaeleza kwa vitabu vizima.

## Mafundisho

### Dini za jadi

Katika dini za jadi za mwambao huo Mungu aliaminiwa kuwa muumba wa vyote, lakini mambo ya kila siku yalihusishwa zaidi na mizimu ya mababu na ya mahali fulani, kama vile milima, miti mikubwa na miamba ya ziwani. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kuhusu mahali paitwapo Kabogo, ambapo mngurumo wa mawimbi katika mapango ulisikika kutoka mbali. Wapiga kasia waliopita hapo walikuwa wakitupa majini shanga na vipande vya nguo ili wavuke salama.

Desturi hiyo ilikuwa njia ya kukiri kwamba ziwa lina nguvu kuliko binadamu. Ilitofautiana na imani ya majaliwa kwa jambo moja: sadaka ilitolewa ili kuituliza nguvu ya mahali pale, ilhali imani ya majaliwa inamtaka mtu amtumainie Mungu hata baada ya ombi lake kutokubaliwa.

### Uislamu

Kwa Waislamu wa Sunni, kuamini kadari, ya heri na ya shari, ni nguzo ya sita ya imani. Katika karne za kwanza za Uislamu wanachuoni walibishana sana juu yake. Kundi la Jabriya lilisema binadamu hana hiari yoyote. Kundi la Qadariya lilisema binadamu ndiye anayetenda kwa uwezo wake mwenyewe. (Kundi hilo lisichanganywe na tarika ya Qadiriya, inayotajwa hapa chini.) Wengi wa Wasunni walishika njia ya kati: Mungu anajua na kukadiria yote, na hata hivyo binadamu anawajibika kwa matendo yake.

Kisa kinachotumiwa sana kufundisha jambo hilo kimo katika Surat al-Kahf. Nabii Musa anaandamana na mja wa Mungu mwenye elimu, ambaye katika mapokeo anaitwa Khidhri. Mja huyo anatoboa jahazi la maskini waliowabeba, na Musa anakasirika. Baadaye anaelezwa kwamba mbele yao kulikuwa na mfalme aliyekuwa akiteka kila chombo kizima, na kwamba kasoro ile iliwaokolea maskini riziki yao. Fundisho la kisa si kwamba mtu anaruhusiwa kuharibu mali ya wengine. Ni kwamba hata nabii hakuweza kuona mambo yote yaliyozunguka tukio lile.

Kuna pia hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu. Aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Vilevile mnamo mwaka 639 khalifa Umar alikataa kuingia Shamu wakati wa tauni ya Amwasi. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anaiacha kadari moja na kuiendea nyingine.

### Ukristo

Katika Biblia swali la mateso yasiyoeleweka linajadiliwa hasa na Kitabu cha Ayubu. Mtu mwadilifu anapoteza mali, watoto na afya. Rafiki zake wanasisitiza kwamba lazima ametenda dhambi. Mwishoni Mungu anazungumza, lakini hamwelezi Ayubu sababu ya mateso yake. Anamwonyesha ukubwa wa ulimwengu ambao Ayubu hakuuumba wala hauelewi. Halafu anawakemea wale rafiki. Kwa hiyo kitabu kinamhesabia haki mtu aliyelalamika, si wale waliodai kwamba wanajua sababu.

Habari za Yusufu mwana wa Yakobo, zinazopatikana katika Biblia na katika Kurani, zinaonyesha upande mwingine. Yusufu aliuzwa utumwani na ndugu zake, lakini miaka mingi baadaye akaokoa taifa zima na njaa, wao wakiwemo. Anakiri kwamba Mungu aligeuza ubaya wao kuwa wema, lakini hasemi kwamba walichofanya kilikuwa chema.

Mtaguso wa kwanza wa Vatikano (1869-1870) ulifundisha kwamba Mungu analinda na kuongoza vyote alivyoviumba. Wanateolojia tangu Augustino na Thoma wa Akwino walitofautisha mambo ambayo Mungu anayataka na yale anayoyaruhusu tu. Tofauti hiyo ilikuwa na uzito mkubwa katika nchi iliyojaa misafara ya watumwa.

## Katika historia ya mwambao

### Ujiji na Livingstone

Katikati ya karne ya 19 Ujiji ulikuwa kituo kikubwa cha biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Watu waliotekwa Manyema, ng'ambo ya ziwa, walivushwa kwa mitumbwi na majahazi, kisha wakatembezwa hadi Tabora na pwani.

David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, alirudi Ujiji mnamo Oktoba 1871 akiwa mgonjwa na amechoka. Miezi mitatu kabla, tarehe 15 Julai, alishuhudia huko Nyangwe mauaji ya mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja sokoni. Alitarajia kukuta Ujiji shehena yake ya vitambaa na shanga, ambavyo ndivyo vilivyotumika kama fedha. Alikuta karibu yote imeuzwa na Sharif, mtu aliyekabidhiwa mali hiyo. Kwa mujibu wa shajara za Livingstone, Sharif alijitetea kwamba alipiga ramli kwa Kurani na kupata jibu kwamba mwenye mali amekufa.

Tukio hilo linaonyesha namna moja ya kuipotosha imani ya majaliwa. Sharif alidai kujua uamuzi wa siri wa Mungu, na uamuzi huo ulikuwa na faida kwake. Uislamu wenyewe unakataza kupiga ramli, kwa sababu elimu ya ghaibu ni ya Mungu peke yake.

Katika mji huohuo Mwarabu mwingine, Syed bin Majid, alijitolea kuuza sehemu ya pembe zake ili amsaidie mgeni huyo. Siku chache baadaye Henry Morton Stanley aliingia Ujiji na msafara wenye dawa, vyakula na barua. Livingstone alikuwa ameandika kwamba anajiona kama msafiri wa Injili aliyevamiwa na wanyang'anyi njiani kwenda Yeriko, bila tumaini la kupitiwa na Msamaria mwema.

Hata hivyo maombi yake makubwa hayakutimia. Aliomba amalize kazi ya kutafuta chanzo cha mto Nile, kumbe mto Lualaba alioufuata ni sehemu ya mto Kongo. Alikufa mnamo tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo. Tarehe 5 Juni ya mwaka huo, kabla habari ya kifo chake haijafika pwani, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Barua za Livingstone kuhusu Nyangwe, zilizopelekwa Ulaya na Stanley, zilikuwa zimeamsha hasira huko Uingereza.

Waandishi wengi Wakristo waliona hapo mkono wa Mungu: mtu alinyimwa alichoomba, lakini kilitimia alichokitamani zaidi. Wanahistoria wanaeleza tukio hilo kwa sababu nyingine, hasa tishio la Waingereza la kuizingira Zanzibar kwa manowari. Maelezo hayo mawili si lazima yapingane. Lakini ikumbukwe kwamba utumwa ndani ya bara uliendelea kwa miaka mingi, na katika Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu. Waliovushwa ziwa wakiwa na minyororo baada ya 1873 hawakuona mwisho wowote mwema wa habari hiyo.

### Wamisionari waliokufa mapema

Kifo cha Livingstone kilivuta wamisionari wengi kuelekea ziwani. Chama cha Wamisionari cha London kilifika Ujiji mnamo Agosti 1878. Mkuu wa msafara, J. B. Thomson, alifariki mwezi uliofuata. Arthur Dodgshun, aliyecheleweshwa njiani kwa muda mrefu, alifika mwaka 1879 na kufariki mnamo Aprili, baada ya siku chache tu. Katibu wa chama, Joseph Mullens, aliamua kuja mwenyewe kutoka London ili kuimarisha kazi hiyo. Akafa mnamo Julai 1879 karibu na Mpwapwa, kabla ya kuliona ziwa.

Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, walifika Ujiji mnamo Januari 1879. Padri Pascal, aliyewekwa kuongoza kundi la Tanganyika, alikuwa amefariki njiani. Tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao waliuawa huko Rumonge, katika Burundi ya leo.

Kwa waliobaki, vifo hivyo vilikuwa jaribu la imani. Walikuwa wamefundishwa kwamba Mungu ndiye aliyewatuma, na walikuwa wakizika wenzao kabla kazi haijaanza. Baadhi waliondoka. Edward Coode Hore, baharia wa kundi la London, alibaki na kuendelea kupima ziwa na kuchora ramani yake. Leo tunajua kwamba malaria na kuhara damu vilikuwa na sababu zinazoeleweka na kutibika. Fumbo lililowasumbua watu wa 1879 lilikuwa kwa sehemu fumbo la tiba, na lilitatuliwa na utafiti. Ndiyo sababu walimu wengi wa dini wanaonya kwamba kutoelewa kwa binadamu hakuonyeshi daima kwamba jambo haliwezi kueleweka.

### Watumwa wawili

Maisha ya watu wawili yametajwa mara nyingi kuhusu suala hili.

Adrien Atiman alizaliwa mnamo 1866 karibu na Timbuktu, katika Mali ya leo. Akiwa mtoto alitekwa na kuuzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mwaka 1876 Mapadri Weupe walimkomboa huko Algeria. Kardinali Charles Lavigerie alikuwa na mpango wa kuwasomesha vijana Waafrika waliokombolewa wawe matabibu na makatekista, hivyo Atiman alipelekwa Malta kusomea udaktari. Mwaka 1889 alifika Karema, kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, katika mkoa wa Katavi wa leo. Alitibu watu huko hadi kifo chake mwaka 1956, yaani miaka 67, akijifunza pia dawa za asili za wenyeji. Alioa huko, na mwanae Yosefu akawa padri mwaka 1923.

Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya, alizaliwa Manyema na kufikishwa Bagamoyo akiwa mtumwa. Baadaye alipata uhuru, akafanya biashara, akasoma elimu ya dini na kuwa kiongozi wa tarika ya Qadiriya. Hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa viongozi wa Kiislamu walioheshimiwa zaidi nchini, mbele ya watu ambao baba zao walimiliki watumwa.

Waamini wanaona katika maisha hayo mfano wa Yusufu. Ni rahisi kuelewa kwa nini: pasipo kutekwa, Atiman asingefika Karema, na wagonjwa wengi wa mwambao huo wasingepata tabibu. Lakini hoja hiyo ina mpaka wake. Haiwezi kuwa utetezi wa wateka watu, kama vile habari ya Yusufu haiwatetei ndugu zake. Wala haiwezi kuwa maelezo ya maelfu waliofia njiani bila jina lao kuandikwa popote. Inachoweza kusema ni kwamba uovu uliompata mtu haukuwa lazima uwe na neno la mwisho juu ya maisha yake.

## Ziwa na riziki

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670 na kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani kwa kina. Wavuvi wa Kibirizi, Katonga na vijiji vingine huvua dagaa na migebuka usiku wa giza wakitumia taa kuwavuta samaki, na hupumzika siku za mbalamwezi. Upepo unaweza kubadilika ghafla na kuleta mawimbi makubwa. Kwa hiyo maneno "tukijaliwa" hutumika sana katika kazi hiyo. Mvuvi anayerudi mikono mitupu husema kwamba leo riziki haikuandikwa.

Usemi huo unafaa kwa usiku mmoja mbaya. Ukitumika kwa miaka mingi ya upungufu, unaweza kuzuia watu kutafuta sababu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto zaidi. Maji ya juu yakiwa na joto hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye virutubisho, hivyo viumbe vidogo vinavyoliwa na dagaa hupungua. Pamoja na hayo kuna ongezeko la vyombo na matumizi ya nyavu haramu.

Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kwa familia zinazotegemea mapato ya kila siku ulikuwa uamuzi mgumu. Mwamini anaweza kuuelewa kwa mfano wa ngamia aliyefungwa: anayemwomba Mungu samaki hana budi kuwaachia samaki nafasi ya kuzaa.

## Wakimbizi

Mkoa wa Kigoma umepokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo tangu miaka ya 1960. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na wapo waliozaliwa na kukua humo bila kuiona nchi ya wazazi wao.

Mnamo Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikusanyika katika kijiji kidogo cha Kagunga, kilichobanwa kati ya milima na ziwa karibu na mpaka. Maji safi na vyoo havikutosha, na kipindupindu kikalipuka. Watu zaidi ya 30 walikufa, karibu wote wakiwa wakimbizi. Meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, pamoja na vyombo vingine, iliwasafirisha hadi mjini Kigoma, ambako uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika ulikuwa kituo cha mapokezi. Kutoka hapo walipelekwa Nyarugusu kwa mabasi.

Kwa mzazi aliyekimbia risasi akampoteza mtoto kwa kuhara, swali la hekima ya Mungu si la darasani. Ni kweli pia kwamba vifo vile vilikuwa na sababu inayojulikana na vilisimamishwa na kazi ya watu: maji yaliyotiwa dawa, chumvi ya kuongeza maji mwilini, vyoo, chanjo ya matone na kuwahamisha watu. Watoa huduma wengi walikuwa waamini, na hawakuona kwamba kutibu ni kushindana na Mungu. Walikuwa upande wa Umar mbele ya tauni.

## Majaliwa na tuhuma za uchawi

Mtu anapopatwa na msiba asiouelewa, anaweza kuliacha fumbo kwa Mungu, au anaweza kutafuta wa kulaumiwa. Katika maeneo mengi ya magharibi mwa Tanzania njia ya pili imeleta maafa. Wanawake wazee wametuhumiwa uchawi na kuuawa baada ya kifo cha mtoto au ng'ombe. Watu wenye ualbino wameshambuliwa na watu walioaminishwa na waganga kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Kuanzia mwaka 2008 hivi, Shule ya Msingi Kabanga, wilayani Kasulu, ilipokea watoto wenye ualbino ambao hawakuwa salama tena vijijini kwao.

Mashehe na mapadri wanaopinga maovu hayo hutumia hasa imani ya majaliwa. Hoja yao ni kwamba uhai, kifo na riziki vimo mkononi mwa Mungu, kwa hiyo hakuna jirani wa kulipiziwa kisasi kwa homa ya mtoto, wala kiungo cha mwili kinachoweza kumjaza mvuvi samaki. Hapa kukubali kwamba sababu haijulikani kunaweza kuokoa maisha ya mtu.

## Matumizi mabaya ya imani hiyo

Wakosoaji, wakiwemo waamini wenyewe, wametaja namna tatu za kuipotosha imani ya majaliwa.

Ya kwanza ni kudai kuijua siri ya Mungu, kama alivyofanya Sharif. Wanaoingia katika kosa hilo ni pamoja na wanaotangaza kwamba ajali au ukame ni adhabu kwa watu fulani.

Ya pili ni kumsingizia Mungu makosa ya binadamu. Mashua iliyopakiwa kupita kiasi ikizama, kusema tu kwamba ni mapenzi ya Mungu kunamwacha huru nahodha aliyepokea nauli za watu ambao chombo hakikuweza kuwabeba, na kunaacha mashua inayofuata ipakiwe vilevile.

Ya tatu ni kumnyamazisha anayeteseka. Mtu aliyefiwa anaweza kuambiwa asilie kwa sababu kazi ya Mungu haina makosa. Lakini Ayubu alilalamika kwa sauti, Yakobo alimlilia Yusufu hadi, kwa mujibu wa Kurani, macho yake yakapofuka, na Mtume Muhammad alilia alipofiwa na mwanae mdogo Ibrahim. Katika dini zote mbili machozi hayahesabiwi kuwa ukosefu wa imani.

## Katika maombolezo

Imani ya majaliwa huonekana zaidi wakati wa msiba. Mjini Kigoma na Ujiji majirani wa dini zote hufika nyumbani kwa wafiwa, huleta unga, kuni na rambirambi, na hukaa nao matangani. Waislamu husoma dua na kukumbuka kwamba sote ni wa Mungu na kwake tutarejea. Wakristo husali na kuimba. Wengi wa wanaokuja hawasemi mengi zaidi ya pole.

Desturi hiyo inafanana na sehemu ya habari ya Ayubu ambayo mara nyingi inasahauliwa. Kabla ya kuanza kumlaumu, rafiki zake walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa. Wafafanuzi wengi wanaona kwamba siku hizo saba ndipo walipomsaidia. Walikosea walipoanza kueleza sababu.